MREJESHO: Chambo za besi wa Naivasha, sasa zimeonja chumvi ya Kilifi

Wadau, nimerudi. Niliuliza kama chambo bandia nilizokuwa nikivulia besi Ziwa Naivasha zingenifaa huku kwenye hori ya Kilifi, kabla sijatoa pesa kununua nyingine. Zinafaa, ila si zote.

Kilichoniokoa ni samaki wa mpira, mweupe, mwenye mkia mpana. Nilifuata ushauri wa kumfunga risasi (kizito cha kumzamisha) ya gramu 14 badala ya 7, maana mkondo ulikuwa unampeperusha kabla hajafika chini, na kumvuta haraka kuliko ziwani. Maji yakijaa, pembeni mwa mikoko, nilipata kolekole watatu na chewa mdogo niliyemrudisha. Kesho yake nilikwenda maji yakipwa. Sikuguswa hata mara moja.

Uliyeniambia nitangulize waya mbele ya chambo kwa sababu ya mzia, yule samaki mwenye meno makali, nisamehe, nilikupuuza. Wa kwanza alikata mpira katikati, wa pili akaondoka na kila kitu. Zile za vibati vinavyozunguka hazikupata kitu, labda mimi ndiye sikujua kuzichezesha.

Kilichoniuma zaidi: nilizirudisha kisandukuni zikiwa na chumvi. Baada ya siku tatu ndoana zote zilikuwa na kutu, hata za chambo ambazo hazikugusa bahari! Nimeshabadilisha ndoana, naweka zisizoshika kutu, na sasa nasuuza kila kitu kwa maji ya kisima na kukianika kabla ya kufunga.

Asanteni sana. Waya nimenunua.