Bullet yangu inarudisha kiki, mguu umevimba

Goti_Bovu: Wakuu, heshima kwenu. Nina pikipiki, Royal Enfield Bullet 500, ile ya platini (vile vipande vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke), gia mguu wa kulia. Huu mwezi wa nne niko nayo. Kila mtu aliniambia chuma hiki hakina makuu, ukikijulia kinawaka kwa kiki moja. Basi mimi sijakijulia. Jumapili nimekanyaga kwa hasira, pedali ikarudi kwa nguvu za punda, ikanipata kwenye ugoko nikakaa chini. Mke wangu alicheka kwanza, ndipo akaleta barafu. Plagi ni mpya, mafuta yanafika, cheche naiona. Ikishawaka inakwenda vizuri, ila nikiiacha bila gesi inadunda harakaharaka, siyo ule mdundo wa polepole niliouendea. Nianzie wapi? Au nifunge stata ya umeme yaishe?

Dundadunda: Pole mkuu. Dikompresa, kile kishikio cha kutoa mgandamizo wa silinda, unaitumia au unakanyaga tu?

Goti_Bovu: Naitumia, nadhani. Nabana, nakanyaga, naachia.

BabuPlatini: Hiyo "nadhani" ndiyo iliyokuvimbisha mguu. Injini yako ni milimita 84 kwa 90, yaani kipenyo cha silinda kwa mwendo wa pistoni: mwendo wa pistoni ni mrefu na flaiwili ni nzito. Huwezi kuishinda kwa misuli, lazima uivizie.

Tazama amita, kile kipimo cha umeme chenye sindano. Washa swichi, shusha pedali taratibu kwa uzito wa mguu tu. Platini zikiwa zimegusana, sindano inalala upande wa kutoa umeme. Endelea mpaka pedali iwe ngumu na sindano iruke kurudi katikati: hapo platini zimeachana, pistoni inakaribia kileleni. Sasa ndipo ubane dikompresa, usogeze pedali kidogo sana, pistoni ivuke kilele. Achia dikompresa, rudisha pedali juu kabisa, kanyaga hadi chini. Gesi usiiguse. Na usisite njiani, anayesita ndiye anayepigwa.

Lakini huo mdundo wa haraka umenishtua zaidi ya mguu wako. Fungua kifuniko cha platini. Nyuma ya bamba kuna vizito viwili na springi mbili ndogo. Injini ikienda polepole vinakaa ndani na cheche inachelewa, ikikimbia vinatanuka na cheche inawahi. Vikiganda vimetanuka, moto unawaka wakati pistoni bado inapanda, na nguvu yote inashuka kwenye ugoko wako. Shika kamu (kile cha katikati kinachozifungua platini) kwa vidole, izungushe, iachie. Ikirudi yenyewe, mimi muongo. Ikibaki hapohapo, mwizi umemkamata.

Ukimaliza weka mwanya wa platini 0.35 hadi 0.40 mm, kisha taimingi (wakati cheche inapotoka) upya, maana ukigusa mwanya umegusa na taimingi. Tapeti nazo: injini ikiwa baridi, pistoni juu, valvu zimefunga, fito zinazosukuma valvu zizunguke kwa vidole viwili bila kucheza juu na chini. Basi.

Stata ya umeme? Kiki ikirudi hivyo, klachi ya hiyo stata ndiyo itakayoliwa. Mguu angalau unapona.

SR_Mtulivu: Ndiyo maana mimi nina Yamaha SR500. Silinda moja, tabia ya Kiingereza, ila kwenye kichwa cha silinda kuna kidirisha. Alama ikionekana, unapiga kiki. Hakuna kusoma sindano kama nahodha.

BabuPlatini: Kidirisha ni cha wasiouamini mguu wao. (Lakini SR ni pikipiki nzuri, sikatai.)

Goti_Bovu: Mzee, shikamoo! Nimefungua leo. Grisi ilikuwa imekauka kama gundi, springi moja imechomoka kwenye ndoano yake, vizito vimetanuka na havirudi. Nimeosha kwa petroli, nikatia tone la oili, springi nikairudishia, nikapima mwanya na taimingi kama ulivyosema. Kiki ya tatu ikawaka, na nikiachia gesi sasa unaweza kuhesabu midundo.

Ugoko bado ni zambarau. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananisomea maelezo yako kwenye simu, akasema naye ajaribu. Akaitazama sindano, akabana, akasogeza, akakanyaga. Kiki ya kwanza. Sasa anauliza ufunguo wa akiba uko wapi.

BabuPlatini: Marahaba. Mpe.