Gumzo la Ukoo: Mwanga wa Mashimo Meusi

Salma: Shikamoo, Mjomba. Ikiwa hata mwanga hauwezi kutoka ndani ya shimo jeusi, inakuwaje baadhi ya mashimo hayo yatajwe miongoni mwa vitu ving'aavyo kuliko vyote ulimwenguni?

Mjomba Rashidi: Marahaba, mwanangu. Kinachong'aa ni gesi iliyo njiani, kabla haijazama. Kwa kuwa gesi hiyo huja ikiwa inazunguka, haiwezi kudondoka moja kwa moja. Hujitandaza kama sahani, na humo tabaka za ndani, zinazokwenda kasi zaidi, huvutana na za nje kwa nguvu za sumaku mpaka zote zikapata joto kali. Kulingana na kasi ya shimo kujizungusha, asilimia 6 hadi 42 hivi ya masi (kiasi cha maada) inayoingia huweza kugeuka nishati, ilhali haidrojeni inapogeuka heli ndani ya Jua, ni asilimia 0.7 tu.

Mama Mdogo Zuhura: Basi, kaka, bila shaka shimo kubwa zaidi ndilo lenye sahani ya moto zaidi.

Mjomba Rashidi: La, Zuhura, ni kinyume, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pengine pote. Mashimo mawili yakila kwa kadiri ya masi yake, lenye masi maradufu hutoa mwanga maradufu, lakini eneo la sahani yake huwa mara nne, kwa hiyo kila kipande chake hupata joto pungufu. Shimo jeusi liitwalo Cygnus X-1, lenye masi mara 21 hivi ya Jua na linalojilisha upepo wa nyota kubwa ya buluu iliyo jirani yake, lina sahani ya nyuzi milioni kadhaa, ndiyo maana hung'aa kwa eksirei. Kwazari, yaani kiini cha galaksi kinachong'aa mno, kama 3C 273, ambayo Maarten Schmidt aligundua mwaka 1963 kwamba iko mbali mno, ina shimo kubwa sana, na sahani yake hung'aa zaidi kwa urujuanimno, mwanga wenye nishati pungufu kuliko eksirei, dalili ya joto pungufu.

Omari: Setilaiti ya kuchunguza eksirei iitwayo Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika katika muda usiotimia sekunde moja. Chanzo kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo.

Salma: Na Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, mbona ni hafifu, ingawa lina masi milioni 4 za Jua?

Mjomba Rashidi: Linapata chakula kidogo mno. Gesi inayolifikia ni nyembamba kiasi kwamba chembe zake hazigongani vya kutosha kutoa mwanga, hivyo sehemu kubwa ya joto lake huzama nayo. Cygnus X-1, lenye masi ndogo mara laki mbili hivi, hung'aa kuliko hilo.