Tupeane uzoefu: ufunguzi wa chesi uliokuaibisha mashindanoni

Mleta mada:
Wakuu, naanza na yangu. Raundi ya 3, dakika 15 kila mtu, nina nyeupe. Mbele yangu dogo wa darasa la sita. Nikacheza d4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), akatoa farasi f6. Nikacheza c4, dogo akasukuma e5. Nikajisemea huyu kachanganyikiwa, askari wa bure! Nikala. Farasi wake akarukia g4, nikamlinda askari kwa askofu f4. Akaleta farasi wa pili c6, nami wangu f3. Askofu wake b4, cheki. Nikaziba kwa farasi d2, malkia wake akakaa e7.

Nikasukuma a3 kumfukuza askofu. Hakumwondoa! Akala askari wangu wa e5 kwa yule farasi wa g4. Mimi nami nikambeba askofu mbio mbio.

Farasi wake akaruka d3, mfalme wangu hana pa kukimbilia. Mwisho wa mchezo, hatua ya 8 tu. Nikanyoosha mkono nimle kwa askari wa e2, dogo akaninong'oneza: "Kaka, huyo hatoki, malkia anamwona mfalme wako." Waliokuwa meza ya jirani wakaangua kicheko.

Baadaye ndo nikajua ufunguzi huo wa dogo unaitwa Budapest Gambit. Vidmar alimfunga gwiji Rubinstein nayo mwaka 1918, kwa hiyo aibu imepungua kidogo.

Ngome ya Pembeni:
Pole mkuu 😂 Mimi ni shambulizi la nyeupe liitwalo Fried Liver. Farasi wa mpinzani yuko g5, nimesukuma d5, kala, nami nikala kwa farasi kama kawaida. Akajitoa mhanga pale f7, mfalme wangu akaanza kutembea ubaoni kama mgeni Kariakoo. Siku hizi narusha farasi a5, namsumbua askofu kwanza.

Nyeusi Tupu:
Mimi nilijifanya Kramnik. Mwaka 2000 London alimzuia bingwa Kasparov kwa Berlin, ufunguzi wa kujilinda wa nyeusi, Kasparov hakushinda hata gemu moja, ubingwa ukahama kwa 8.5 kwa 6.5. Nikaikariri. Mashindano ya raundi 6, nikapata sare 5. Yeye sare zilimpa taji, mimi zilinipa nauli ya kurudi nyumbani, tena ya kukopa.

Mtoto wa Nyumbani:
Mleta mada, ungefanyaje pale?

Mleta mada:
Naanza kumla farasi wa e5, akishamla wangu nasogeza e3. Nimeifanyia mazoezi miezi miwili. Juzi nimekutana tena na dogo, kacheza kitu kingine kabisa.