Kampuni inakata mishahara yetu kuchangia madawati, halafu inatuambia "tuishi tunu zake"

Wakuu, mtanisamehe kwa ukali. Slipu za mshahara zimetoka leo na kuna mstari mpya: "Mchango wa Jamii". Sikusaini popote. HR ananijibu eti kampuni imeahidi madawati shule za msingi, na mfanyakazi mwenye tunu zetu hawezi kuwanyima watoto. Yaani ahadi katoa mkurugenzi mbele ya kamera, pesa inatoka mfukoni kwangu, na ile hundi kubwa ya kadibodi ina jina la kampuni!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania, kifungu cha 28, someni wenyewe. Mshahara unakatwa kwa mujibu wa sheria, mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri), amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi wa mgogoro, au kwa deni ambalo mwenyewe umekubali kwa maandishi likatwe. Dawati si deni langu.

Jumamosi nazo tunapanda miti. Saa 45 za wiki tumeshazimaliza Ijumaa, kwa hiyo hizo ni saa za ziada: zinatakiwa makubaliano, na malipo ni mara moja na nusu. Kwetu hulipwi, na usipotokea unapunguziwa alama kwenye tathmini ya mwaka. (Miti yenyewe hakuna anayeimwagilia. Picha zikishapigwa, inabaki ya mbuzi.)

Kinachonichefua zaidi ni dada zetu wa usafi walioletwa na wakala. Asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wanakatwa kila mwezi, wakiangalia michango yao, hamna kitu. Mmoja kajifungua, kaitwa kazini baada ya mwezi, wakati sheria inampa siku 84 za likizo yenye malipo. Nikalisema kikaoni. Meneja: "Hao si wafanyakazi wetu." Sasa mbona kwenye ripoti ya uwajibikaji kwa jamii mmewahesabu kama ajira mlizowapa wanawake, na picha yao mkaiweka jaladani?

Wanaoijua CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) nisaidieni. Najua mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60. Tuko kundi, wote bado kazini: tunajaza Fomu Namba 1 (ya kupeleka mgogoro) moja kwa pamoja au kila mtu yake? Na wale dada tumshitaki wakala, kampuni, au wote wawili?

Wa "shukuru una kazi", uzi huu si wenu.