Mafundi wa trekta Mwanza, kila klachi isiyokata dawa yake ni kupasua trekta?

Wakuu, heshima kwenu. Leo mnivumilie, nina hasira.

Nina Massey Ferguson 135 aliloniachia mzee, yale ya kizamani yaliyoanza kutoka miaka ya 1960, injini Perkins ya pistoni tatu. Liko huku Kayenze. Nalimia bustani ya nyanya na kabichi kando ya ziwa, na mahindi yakikauka linazungusha mashine ya kupukuchulia. Kiangazi chote lilisimama chini ya mwembe, karibu kabisa na maji. Vuli inanukia, nikaliwasha, injini ikaitika safi. Nakanyaga klachi, naingiza gia: kraaa! Haikati, yaani pedali iko chini lakini injini bado inazungusha gia.

Nikaita fundi kutoka mjini, mwenye sifa zake. Hakuuliza limekaa muda gani, hakutazama hata fimbo ya pedali kama ina mchezo, yaani kulegea. "Bosi, pleti imekwisha, hapa tunapasua." Kwa wasiojua, pleti ni sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, na kupasua ni kutenganisha injini na gia boksi, trekta linabaki vipande viwili. Ekseli ya mbele hakuipigia kabari, injini ikaanza kulalia upande, tukaikimbilia na magogo. Hapo ndipo nilipaswa kumfukuza, lakini nani anafukuza fundi trekta likiwa vipande?

Pleti mpya, ufundi, nauli: hela ya dume la ng'ombe imekwenda.

Ile pleti ya zamani nikamwambia aiache. Nikaipangusa. Lainingi, ile ngozi yake ya msuguano, nene, vichwa vya ribiti vinavyoishika vimezama ndani kabisa, bado ina maisha! Ila upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa nalo, una madoa ya kutu, na madoa hayohayo yamejichora kwenye flaiwili yenyewe. Pleti haikuwa imekwisha, ilikuwa imegandana kwa unyevu. Trekta la kando ya ziwa likikaa miezi bila kukanyagwa klachi, hilo ni la kutarajia.

Na kugandana kunatibika bila kufungua bolti hata moja. Unakandamiza pedali hadi mwisho, unaifunga na kigogo, unaacha hivyo. Ikigoma, unatafuta trekta jingine na uwanja mpana usio na watu, injini umeizima, gia kubwa, pedali iko chini, unavutwa kwa kushtuashtua. Mgandamizo wa injini unakataa, matairi yanalazimisha, pleti inabanduka. Ikiwa pleti imelowa oili iliyovuja kwenye sili ya kreki (kizuia oili cha shafti kuu ya injini), hapo sawa, pasua. Lakini anza na la bure kwanza, jamani!

Sasa kilichonichefua zaidi. Klachi ya hili trekta ni ya hatua mbili, ina pleti mbili: ukikanyaga nusu matairi yanaachiwa, ukikanyaga mpaka mwisho na shafti ya PTO, ile ya kuzungushia mashine, inasimama. Pleti hizo hulenganishwa, yaani huwekwa kwenye mstari mmoja, kwa shafti yake maalumu kabla ya kukaza, na vidole vya presha, vile vinavyoiachia klachi, hupimwa vyote viwe kimo kimoja. Bwana huyu alilenganisha kwa jicho. Gia boksi ilipokataa kuingia akaivuta kwa bolti ndefu, uzito wote ukaning'inia kwenye pleti niliyoinunua jana yake. Nikauliza, nikajibiwa, "Tuachie kazi, mzee."

Matokeo? Gia zinaingia kwa kubembelezwa, na PTO haisimami hata pedali ifike mwisho. Wanaolisha mahindi kwenye ile mashine ni vijana wa watu. Mkono ukinaswa nikakanyaga klachi na shafti inaendelea kuzunguka, nitawaambia nini wazazi wao? Nimempigia, ananiambia trekta limechoka, niliuze vyuma chakavu. Limechoka lilipokuwa linakuletea hela hukuliona?

Mashine nimeiondoa kwenye trekta, mahindi yanapukuchuliwa kwa mikono, na mvua haimsubiri mtu.

Wakuu wa Nyakato, Igoma, Kisesa mpaka Magu: namtaka fundi aliyewahi kuifunga klachi ya hatua mbili, mwenye shafti yake ya kulenganishia na fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo) mkononi. Aje aniambie bei na anachokwenda kufanya kabla hajashika spana. Wa kulenganisha kwa jicho asinipigie.