Kuiga tangazo la TV kwa mzaha: nini kibaki, nini kibadilishwe?

Sanaa_Mwanjelwa: Habari wakuu. Kikundi chetu hapa Mbeya kinaandaa kichekesho kifupi cha kupinga lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo huku mkulima akilipwa kama la kawaida, kioneshwe Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Tunataka kuiga tangazo la Wendy's, migahawa ya baga ya Marekani, la 1984, lile la bibi anayeuliza nyama iko wapi. Lilivumaje hivyo, na tulihamishieje kwenye viazi?

Mpiga_Picha_Iringa: Lilivuma kwa sababu swali lenyewe ni maneno matatu, mtu analitamka popote bila TV. Bibi wawili wanasifu ukubwa wa mkate, wa tatu, Clara Peller, anaona kipande kidogo cha nyama na kuuliza kwa sauti kali ya kukwaruza. Mwaka huohuo Walter Mondale alimrushia Gary Hart swali hilohilo kwenye mdahalo wa kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic huko Marekani, kwamba "mawazo mapya" yake hayana kitu ndani. Hakuhitaji kufafanua.

Kwa hiyo msiguse mfupa: wawili wasifu, wa tatu aulize. Madalali wawili wanalizunguka gunia: "Gunia limeshiba!" "Limeshiba kweli!" Mama mkulima anahesabu noti, anainua macho: "Hela ya juu iko wapi?" Basi, kateni hapo. Vikundi vingi huharibu kwa kuongeza utani baada ya swali, kicheko kinakatwa kabla hakijaiva. Kabla ya swali nyamazeni sekunde mbili kamili.

Mama_Maigizo: Naafiki mfupa, ila watu wa Uyole na Tukuyu wengi hawalijui tangazo hilo. Anayecheka kwa sababu ya kuiga lazima awe ameona kinachoigwa. Ndiyo maana kichekesho kiwe na tabaka mbili. Mwaka 2010 Sesame Street, kipindi cha watoto cha TV ya Marekani, waliiga tangazo la sabuni ya wanaume ya Old Spice la mwigizaji Isaiah Mustafa: mwanasesere wao Grover alibaki na macho kwenye kamera na mwendo uleule wa maneno, mwishoni akasema kama Mustafa kwamba yuko juu ya farasi, kumbe ni ng'ombe. Mtoto asiyelijua tangazo anacheka ng'ombe. Mzazi anacheka vyote. Lenu linasimama lenyewe kwa sababu lumbesa kila mkulima anaijua. Mkitaka na kicheko cha kuiga, chukueni tangazo linalosikika redioni kila siku, mbakize mdundo na lafudhi ya msomaji, mbadilishe bidhaa tu.

Gunia msijaze viazi vitupu. Sheria inaishia kilo 100, lumbesa inazidi hapo, mtamvunja mtu mgongo jukwaani. Jazeni majani makavu, viazi viwe juu tu, kwenye kile kilima kilichoshonewa kamba.

Sanaa_Mwanjelwa: Asante mama. Na wimbo wa tangazo la redio, tuupige ulivyo?

Mpiga_Picha_Iringa: Hapana. Wimbo una mwenyewe, na video ikienda YouTube mfumo unaitambua sauti yake ya asili. Ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, mapema, au imbeni kwa vinywa wimbo wenu wenye mwendo unaofanana.