Mwandishi kamvamia mama yangu getini Isevya kisa kodi ya vyumba, hii imenichosha

Wakuu, tangu Jumanne najaribu kulimeza hili nimeshindwa.

Mama yangu mjane, ana miaka 71, anakaa hapa Tabora kwenye nyumba aliyoacha mzee, uani kapangisha vyumba vinne. Mwezi uliopita kapandisha chumba kutoka 25,000 hadi 35,000. Mpangaji mmoja, tena ana deni la miezi mitano, akaenda kulia kwa kijana wa tv ya mtandaoni, kijana akaja saa moja asubuhi, mama yuko na ufagio mkononi kamsalimia mwangaluka, hakuitikia, akamsukumia maiki mdomoni "kwa nini unawanyonya wanyonge?" Akifungua mdomo anakatwa, swali lingine, jibu ndiyo au hapana! Alieleza deni, akaeleza mbao za paa la uani zimeliwa na mchwa, vyote kaviondoa, kwenye klipu kabaki mama anafunga geti na maandishi makubwa MAMA TAJIRI WA NYUMBA YA MILIONI 45. Huko kwenye komenti anatukanwa na watoto wadogo.

Sasa hiyo milioni 45 kaitoa wapi? Kwa dalali. Kiwanja kile mzee alikipata kwa hela ya tumbaku, mwaka 2015 walikuja kutaka nyumba yote kwa milioni 12, halafu maji ya Ziwa Victoria yakafika mjini, ikaja reli ya SGR, kile kipande cha Makutupora hadi hapa km 368 na hiki cha kwenda Kigoma km 506, basi madalali hawalali. Lakini mama hauzi! Haijamwingia hata shilingi ya hiyo 45, ila bati, saruji na fundi analipa kwa bei ya leo, kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU kila mwezi kama kwa kila mtu.

Maswali makali siyapingi mimi, mwandishi anayembana mkubwa mpaka jasho limtoke namvulia kofia na tunamhitaji sana. Basi kawaulize waliozungushia senyenge viwanja vitano vitano wakaviacha pori wanasubiri bei ipande, hao ndio wanafanya kijana wa kazi hapati pa kujenga. Huko hajaenda, huko kuna walinzi na mawakili. Kwa mama kuna geti la bati tu.

Alhamisi nikampigia huyo kijana wa tv nikamwomba aweke mahojiano yote bila kukata, kanijibu kama mama ana la kusema aje studio. Aje studio na magoti yale!

Mama sokoni haendi tena, nyanya anamtuma mjukuu, jana kaniuliza kama ashushe hiyo kodi ili watu wanyamaze. Nimemwambia asishushe. Mwenye kujua utaratibu wa kupeleka malalamiko Baraza la Habari anielekeze hapa hapa, barua nimeshaandika.